Milingoti Kumi na Minane Nyuma ya Nyumba

Watu wa umri wangu wakikaa kuzungumza habari za miaka ya vijiji vya ujamaa, kila mtu ana lake. Huyu atakwambia wiki alizolala chini ya turubai akingoja nyasi za kuezekea. Yule atakwambia duka la kijiji lilivyokuwa na chumvi na viberiti tu, tena viberiti vyenyewe vimelowa. Mimi husimulia miti yangu. Nilipanda milingoti kumi na minane nyuma ya nyumba yangu huko juu Ufipa, ile miti ambayo wengine huiita mikaratusi, ikanipa sifa wilaya nzima, na sifa hiyohiyo nusura inikoseshe mke.

Kwanza mnijue ninayesema. Shule niliiacha darasa la tatu, wala sikufukuzwa. Niliona tu kwamba mwalimu na mimi tunachoshana. Nikaanza na baiskeli kuukuu. Nilikuwa nateremka nayo hadi Kabwe, ziwani, nachukua samaki, migebuka mikavu, halafu napanda nayo mlima kuiuza huku kwetu kwenye baridi. Kuna wanaume walijaribu safari hiyo mara moja wakarudi kulima ulezi. Mimi niliifanya miaka sita, na ukitazama mashavu ya miguu yangu hadi leo utasema nilikuwa mcheza mpira. Kabla sijatimiza miaka thelathini nilikuwa nimefunga ndoa kanisani, nimejenga nyumba ya matofali ya kuchoma na nimeezeka mabati. Mabati, nasema. Mvua ikinyesha, jirani zangu walikuwa wanausikia wivu wao ukipiga kelele juu ya paa langu.

Basi tukaambiwa tuhame, tukae pamoja katika kijiji kipya upande wa Mpui, nyumba zipangwe mistari kama askari. Sikubisha. Niliyang'oa mabati yangu moja moja, nikayabeba, nikayapigilia upya kwenye kiwanja nilichopewa. Wengine walilalamika kwamba viwanja vinatolewa kwa bahati nasibu, namba zimeandikwa kwenye vikaratasi ndani ya kofia ya katibu. Mimi nilitia mkono katika kofia ile nikicheka, kwa sababu mtu mwenye mabati hata akitupwa wapi ataonekana.

Nikatoa karatasi yangu. Akaja mama mkwe wangu, mjane, akatoa yake. Katibu akasoma namba, akachora kwenye daftari, na ikawa imekwisha: nyumba yangu mstari wa kwanza, nyumba yake mstari wa pili, migongo imeelekeana. Uani kwangu na uani kwake palitenganishwa na kamba ya katani.

Sasa, msomaji wa mbali huenda haelewi ubaya uko wapi. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani. Ukimwona anakuja njiani, unaingia kwenye nyasi unajifanya unatafuta kitu. Yeye akikuona, anajifunika kanga na kugeukia ukutani kama kuna ukuta, na kama hakuna, anageukia popote. Si ugomvi, ni heshima. Ila heshima hiyo ilitungwa na watu waliokaa mbali mbali, mkwe kilima hiki na mkwe kilima kile, mnakutana labda msibani. Haikutungwa kwa watu wanaosikiana wakipiga chafya.

Nikamwendea katibu wa kijiji.

"Ndugu katibu, uani kwangu pametazamana na uani kwa mama mkwe."

"Katika kijiji cha ujamaa hakuna wakwe," akasema. "Wote ni ndugu."

"Wewe ungekubali kukaa hivyo?"

"Mama mkwe wangu yuko Mbeya," akasema, akafunga daftari.

Miezi ile ya kwanza tuliishi kama watu wanaoviziana. Jiko lake, choo chake, kinu chake, vyote viko nyuma. Na vyangu vile vile. Mke wangu ikabidi awe mlinzi wa mpaka. Nasimama nyuma ya mlango, yeye anachungulia. "Toka sasa!" Natoka mbio. "Rudi, rudi, amebeba maji!" Narudi mbio. Mtu mzima, mwenye mabati, nakimbizwa ndani ya kiwanja changu kama kuku. Mkwe naye alikuwa anajifunika kanga mara nyingi hivi kwamba siku moja alitia mguu kwenye chungu chake mwenyewe.

Ndipo akili yangu ikafanya kazi. Nikasema: ukuta wa matofali utaonekana ni ubepari, maana katibu alikuwa hapendi kuta. Lakini miti nani ataikataa? Redio yenyewe kila siku inasema pandeni miti. Nitapanda miti mpakani, ifunge kabisa, mkwe akae na heshima yake na mimi nikae na yangu.

Katika kuchagua mti sikukurupuka. Nilifikiri juu ya mipichi, ambayo inastawi sana huku kwetu, lakini mpichi hupukutisha majani kipindi cha baridi. Ningekuja kusimama uchi mbele ya mkwe mwezi wa sita. Nikafikiri juu ya mparachichi. Huo hauna haraka, tena wazee walikuwa wanasema aliyeupanda hufa ukianza kuzaa. Mimi siogopi maneno kama hayo, ila sikuona sababu ya kuyajaribu. Msonobari unapendeza, lakini msonobari ule ndio uliopandwa makaburini pale misheni, na sikutaka mtu akipita nyuma ya nyumba yangu avue kofia. Ukabaki mlingoti. Mlingoti unakwenda juu kama umeitwa. Ukiupanda leo, mwaka kesho unakuangalia usawa wa macho, mwaka wa tatu hautaki tena mazoea na wewe.

Miche ililetwa na bwana misitu, kijana wa upande wa Mbeya mwenye viatu vya mpira na cheti cha chuo. Akatazama kamba ya mpaka, akatazama nyumba yangu, akatikisa kichwa.

"Ndugu, mlingoti si mti wa uani. Upeleke shambani, au kule kwenye kinamasi. Hapa weka mipichi miwili mitatu, na uiache mbali na ukuta. Mti kabla hujaupanda uulize utakuwa mkubwa kiasi gani na kivuli chake kitalala wapi."

"Ndugu," nikamjibu, "wewe una cheti, mimi nina mabati. Nipe miche."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka sana, na mimi nilifurahi sana. Akanipa kumi na minane.

Lakini lile neno la kivuli lilibaki kichwani. Mimi ni mtu wa haki. Mama mkwe alikuwa akiishi kwa pombe ya ulezi, na hakuna aliyemfikia kwa pombe katika vijiji vyote vya karibu. Siri ya pombe ya ulezi ni kimea. Unaloweka ulezi, unauacha uchipue, halafu unauanika juani mpaka ukauke kabisa ndipo usage. Yeye alikuwa akianika kimea chake uani, kwenye mikeka ya matete, kwa sababu mbele ya nyumba kulikuwa na barabara ya kijiji, ng'ombe wanapita na vumbi lao. Bila jua la pale uani, mama yule hana kazi. Hilo nililijua.

Kwa hiyo nilifanya utafiti. Ilikuwa kipindi cha mvua, karibu na Krismasi, wakati wa kupanda. Nikachukua ufito mrefu, nikausimamisha mpakani saa sita mchana jua lilipochomoza kati ya mawingu. Kivuli kikaangukia wapi? Upande wangu. Kifupi, na chote upande wangu, kinaelekea jikoni kwa mke wangu. Nikangoja kesho yake, nikapima tena. Vilevile.

Nikamwita mke wangu. "Umeona? Kivuli changu kinakuja kwangu mwenyewe. Mama yako hatapoteza jua hata la kiganja kimoja. Yule mwenye cheti alipima?"

Mke wangu akatazama ufito, akasema, "Haya."

Wanaume wenzangu, mke akisema "haya" kwa sauti ile, weka jembe chini ukafikiri. Mimi nilichimba mashimo. Nikaweka mti kila baada ya hatua moja na nusu, mstari umenyooka kuliko mistari ya katibu.

Na miti ikaja, bwana. Sijawahi kuona miti yenye adabu kama ile. Mwaka wa pili tayari ilikuwa inanificha nikiinama; wa tatu inanificha nimesimama juu ya kiti. Nikawa natoka nyuma ya nyumba yangu nikitembea polepole, mikono mgongoni, kama mkuu wa wilaya. Watu wenye mafua walikuja kuomba majani ya kuchemsha na kujifukiza, na mimi nilikuwa nawachagulia mwenyewe.

Mwaka huo wageni kutoka Sumbawanga wakaja kukagua kampeni ya kupanda miti. Kijiji kizima kilikuwa kimepanda, lakini mbuzi nao walikuwa kijiji kizima. Miti iliyosimama ilikuwa yangu. Mwenyekiti wa kijiji akawaleta uani kwangu, wakapiga picha, na mimi nikaombwa niseme machache. Sijawahi kusema machache. Nikasema miti hii si yangu, ni ya wajukuu wa kijiji hiki. Nikasema atakayegusa tawi lake amegusa taifa. Wakapiga makofi hadi kuku wakakimbia. Kikapigiliwa kibao: MITI YA MFANO. Mwenyekiti akatangaza palepale kwamba miti ya mfano haikatwi bila idhini ya serikali ya kijiji, na mimi nilipiga makofi kuliko wote.

Ukaingia mwezi wa sita wa mwaka wa nne.

Asubuhi moja nilikuwa natia mafuta mnyororo wa baiskeli, nikasikia sauti ya mama mkwe ng'ambo ya miti. Sheria inakataza kusemezana na mkwe. Haikatazi kusema na kuku wako kwa sauti kubwa.

"Jogoo wangu," alikuwa anasema, "wewe ndiye unayeliita jua kila alfajiri. Mbona mwezi huu unaliita likienda kwa wengine?"

Nikaendelea kutia mafuta.

"Kimea siku ya nne leo, jogoo. Siku ya nne! Nikikishika kinashikana kama ugali."

Nikaona nijibu. Nikaigeukia baiskeli. "Baiskeli yangu, kuna watu wanalaumu miti kumbe ni baridi tu ya mwezi wa sita. Baridi haikupandwa na mtu."

"Jogoo, mwambie huyo anayezungumza na chuma kwamba baridi tunaijua tangu hajazaliwa. Baridi yenye jua inakausha. Baridi yenye kivuli inaotesha ukungu."

"Baiskeli, kivuli kilipimwa. Kilipimwa siku mbili."

"Jogoo, muulize alikipima kwa kutumia jua la wapi."

Mke wangu alikuwa katikati, anasugua sufuria kwa majivu. Akasema, "Na mimi je? Nizungumze na sufuria?"

Nilisubiri mchana. Nikachukua ufito, nikausimamisha mpakani palepale. Kivuli kikatoka kwenye ufito, kirefu, kikaenda zake upande wa kusini, kwa mkwe, bila kunitazama. Nikainua macho. Vivuli vya milingoti yangu kumi na minane vilikuwa vimelala uani kwake toka mpakani hadi kwenye kizingiti cha jiko, na mikeka ya kimea ilikuwa ndani yake kama imezama majini.

Jamani, kila mkulima anajua kwamba kipindi cha mvua jua la mchana hupita upande wa kusini, na kipindi cha baridi huhamia kaskazini. Hata mimi nilijua. Ila nilijua kwa kichwa cha mkulima, na siku ile ya kupima nilikuwa natumia kichwa cha mtaalamu. Na nyumba yangu ndiyo iliyoko kaskazini. Wakati wa mvua, ambapo hakuna mtu anayeanika chochote, miti yangu ilimwachia mkwe jua lote. Ulezi unapovunwa na kimea kinapoanikwa, ndipo inapolichukua.

Ningeweza kukiri siku ileile. Sikukiri. Nilimwambia mke wangu kwamba jua litarudi lenyewe, nikaenda Kabwe.

Niliporudi, mambo yalikuwa yameharibika. Katika kilabu cha kijiji wanawake walikuwa wakipika pombe kwa zamu. Zamu ya mama mkwe ilifika akiwa na kimea chenye ukungu, akapika hivyohivyo kwa kuwa hakuna kingine. Nilisimuliwa na watu watatu tofauti jinsi mzee mmoja alivyoonja, akatema, akasema, "Mama, leo umetupikia nguo mbichi." Watu walicheka. Kamati ya kilabu ikampa zamu yake mwanamke mwingine.

Kesho yake mke wangu alinijia nikiwa nakula, jambo ambalo si kawaida yake, maana ni mtu anayeheshimu chakula.

"Mama anafunga vyungu vyake," alisema. "Anarudi mahameni."

Mahameni ni kule tulikotolewa, nyumba zimebaki kuta. Mwendo wa nusu siku, hakuna jirani, na mgambo wakikukuta wanakurudisha kwa fimbo.

"Hawezi kukaa peke yake kule," nikasema.

"Hatakaa peke yake. Nakwenda naye. Watoto nitawachukua."

"Kwa ajili ya kivuli?"

"Baba," akasema, maana ananiita hivyo akiwa na hasira kweli, "mama amenilea kwa ule mkeka. Hata sare ya shule ambayo wewe hukuivaa sana, mimi niliivaa kwa ule mkeka. Chagua: miti au watu. Mwezi ukiandama tunaondoka."

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Sikumalizia ugali. Nikavaa kofia nikaenda kwa mwenyekiti.

"Mwenyekiti, nataka kukata miti."

"Miti ipi?"

"Yangu."

"Yako ipi? Uliwaambia wageni nini? Ulisema ni ya wajukuu wa kijiji hiki. Niliandika."

"Nilisema tu."

"Ulisema na atakayegusa tawi amegusa taifa. Na hilo niliandika." Akanitazama kwa huruma ya uongo. "Hotuba nzuri sana ile. Mimi mwenyewe niliirudia kwenye mkutano wa kata."

Nikamweleza habari ya mkwe, ya kimea, ya mke wangu. Alisikiliza. Mwishowe akasema kukata hawezi kuruhusu, wilayani wana picha. Lakini kupogoa ni kutunza mti, na kutunza hakuna aliyekataza. "Pandisha shoka ukatoe matawi. Jua lipite."

Sikuita mtu wa kunisaidia. Mtu aliyepanda mlima wa Kabwe na migebuka hawezi kushindwa na mlingoti. Nikajifunga kamba kiunoni, panga mgongoni, nikaupanda wa kwanza. Mlingoti hauna tawi chini. Unaukumbatia tu, unasukuma kwa miguu, shina linateleza kama sabuni. Nikafika juu nikihema, nikashika tawi, nikageuka nipate nafasi ya kukata.

Na hapo ndipo nilipogundua kile ambacho mwenye akili angekigundua akiwa chini. Niko juu ya ua wa mama mkwe. Mzima mzima. Naona jiko, naona vyungu vilivyofungwa kwa nyasi tayari kwa safari, naona mkeka, na naona yeye mwenyewe, amekaa chini amenyoosha miguu, anapembua ulezi, kichwa wazi. Tangu nimemwoa binti yake sikuwahi kuuona uso ule zaidi ya nusu. Akainua macho.

Sijui nani aliogopa zaidi. Yeye alivuta kanga ikaishia puani. Mimi nilifumba macho, na mtu aliyeko juu ya mlingoti akifumba macho anaanza kuyumba. Nikaukumbatia mti. Upepo nao wa Ufipa ukaona huu ndio wakati.

"Jogoo!" mama mkwe akaita kwa sauti kubwa. "Jogoo, kuna ndege mkubwa juu ya mti. Mwambie afumbue macho ataanguka!"

Baiskeli yangu ilikuwa ndani. Sikuwa na wa kumwambia. Nikauambia mti: "Mlingoti, mwambie mwenye jogoo samahani sana."

"Jogoo, mwambie samahani haikatwi kwa panga. Akate tawi la kulia."

Nikakata.

"Si hilo, jogoo! Hilo halina kosa! Kulia kwake, si kulia kwangu!"

Nikakata jingine. Watoto walikuwa wameshajaa pande zote kama uzio, na watu wazima nyuma yao wanajifanya wanatafuta mbuzi. Nilishinda juu ya miti ile kutwa nzima, mti baada ya mti, na mama mkwe aliniongoza kutwa nzima, kanga puani, kupitia jogoo ambaye alikuwa ameshaondoka zamani. Jioni nilipofika chini, mashina yalikuwa yamesimama kama mifagio iliyogeuzwa. Kesho yake saa sita tukatazama. Vivuli vilikuwa vyembamba kidogo. Vilikuwa kumi na vinane bado, na vimebanana.

"Jogoo," nikasikia, bila hasira safari hii, uchovu tu, "amejitahidi. Lakini ukungu uko palepale."

Siku mbili baadaye wazee wa ukoo wa mke wangu wakaniita, mwenyekiti akiwa shahidi. Kosa langu halikuwa kivuli. Kosa langu lilikuwa kumtazama mama mkwe kutoka juu, kutwa nzima, mbele ya watu. Nikatozwa mbuzi na jembe jipya. Nikatoa. Mzee mmoja akaniambia kwamba sasa yamekwisha. Mkwe ukishampa mbuzi na jembe, mmefunguana, mnaweza kusalimiana na kusemezana kama watu.

Nikamgeukia. "Mzee, hivyo vingeweza kutolewa hata mwanzoni? Wakati tunahamia?"

"Vingeweza."

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza," mzee akasema. "Tuliona unapanda miti."

Nawaambieni, nimebeba mizigo mingi maishani, lakini hakuna uliokuwa mzito kama neno lile. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakusherehekea. Alisema tu, mbele ya wote, kwamba zimebaki siku tano, mbuzi na jembe ni vizuri, lakini kimea hakikaushwi kwa mbuzi.

Mwenyekiti akajikohoza. Zahanati ya kijiji ilikuwa imesimama kuta bila paa tangu mvua, akasema, kwa kukosa boriti. "Miti ya mfano haikatwi," akasema. "Lakini mwananchi anaweza kujitolea. Kama mtu, kwa hiari yake, bila kusukumwa na yeyote, angesimama akasema anatoa miti yake kwa zahanati ya wananchi..."

Nilisimama kabla hajamaliza. Nilijitolea kwa sauti ambayo nadhani Mpui walisikia. Nikasema machache, kama kawaida yangu, na mwenyekiti akaandika.

Kuikata ilikuwa kazi nyingine. Mti uliopandwa hatua sita kutoka ukutani hauna pa kuangukia. Kumwangushia mkwe juu ya nyumba yake ya nyasi haiwezekani. Tukaivuta yote upande wangu kwa kamba, wanaume kumi na wawili, mmoja baada ya mmoja, tukiielekeza kwenye upenyo kati ya jiko na choo. Kumi na saba ilitii. Wa kumi na minane uligeuka ukiwa hewani, ukalala juu ya kona ya paa langu, na mabati matatu yakakunjika kama karatasi ya sukari. Bwana misitu yule wa cheti alikuwepo. Alivua kofia tu, akaivaa tena.

Jua likaingia uani kwa mama mkwe palepale, tukiwa bado tumeshika kamba. Mke wangu alikwenda akafungua vyungu vilivyofungwa, kimoja kimoja, akavirudisha jikoni. Hakuna aliyeondoka mwezi ulipoandama. Kimea kilichofuata kilikauka siku mbili, kamati ya kilabu ikaonja, na yule mzee aliyetema alikunywa akaomba tena.

Kuna jambo moja la mlingoti ambalo sikulijua na ninyi mlijue: ukiukata haufi. Mvua za kwanza tu, visiki vyote kumi na vinane vilitoa machipukizi, kila kisiki kumi na zaidi, yana nguvu kuliko mama yao. Kwa hiyo kila mwaka napita na panga kuyaondoa. Mama mkwe haningoji niyaone. Mwaka wa kwanza alikuja mpakani, kichwa wazi, akasimama.

"Shikamoo mama," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ya mtoto wa darasa la tatu.

"Marahaba, baba. Kile kisiki cha mwisho umekipita."

Nikarudi nikakisafisha. Mwezi wa sita uliofuata alitandika mikeka yake yote, na alipoona jua ni zuri zaidi huku kaskazini, akavuka mpaka, akatandika mingine miwili uani kwangu, akaifunga pembeni kwenye visiki vyangu ili upepo usiipeperushe. Hakuomba ruhusa. Nilipotoka na baiskeli asubuhi hapakuwa na njia ya kupita.

"Zunguka," akasema, akiendelea kusambaza kimea kwa kiganja. "Na uizungukie kwa mbali, vumbi lako lisije likaingia."

Nikazunguka kwa mbali.